Ile asilimia 29: mtoto wa Kibirizi, picha ya ubongo na kompyuta iliyotakiwa kuchagua

Julai 2024 ziwa lilikuwa limefungwa. Tangu Mei 15 hakuna aliyeruhusiwa kuvua Ziwa Tanganyika, na pale Kibirizi, Kigoma, ambako usiku wa giza la mwezi taa za wavuvi huonekana kama mji wa pili juu ya maji, palikuwa kimya. Ndipo baba mmoja mvuvi alipoingia chumbani kwangu kliniki, bahasha kubwa ya filamu kwapani na simu mkononi. Aliiweka simu mezani, akaigeuza ili niisome. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili: usonji asilimia 71, ADHD asilimia 29. Usonji hugusa jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu; ADHD humfanya ashindwe kutulia na kuzingatia.

"Daktari, kompyuta imesema ni usonji. Hilo nimelielewa. Lakini hii 29 iliyobaki ni ya nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe wiki moja, na sehemu kubwa ya haya ninayoandika ilizaliwa katika wiki hiyo. Familia imeniruhusu kukieleza kisa chao; nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike mtaani. Jambo lililokuwa mezani halikuwa jina la ugonjwa peke yake. Kijana wa ukoo anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma alikuwa ameshauri mtoto apelekwe Dar es Salaam kupigwa picha ya pili, ya aina maalumu, "ili akili mnemba iweze kuthibitisha". Ili safari hiyo iwezekane, baba alikuwa amepata mteja wa injini yake ya boti. Ziwa lingefunguliwa Agosti 15. Mvuvi asiye na injini siku hiyo angebaki ufukweni akiwatazama wenzake.

Mtoto mwenyewe

Nilikuwa nikimwita bwana mdogo, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na miaka 6, mtoto wa tatu, nyuma yake kuna binti wa miezi 5. Alipokuwa na miaka 2 alilazwa kwa malaria kali iliyompanda kichwani, akapata degedege la muda mrefu. Kabla ya hapo, kwa kumbukumbu ya mama, alikuwa na maneno machache, "mama", "maji", "njoo". Baada ya kutoka wodini maneno yakapotea kwa karibu mwaka mzima. Bibi yake alisema amechelewa ulimi tu, kama mjomba wake. Jirani alisema kuna mkono wa mtu. Mwalimu wa darasa la awali, mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, alisema hasikii na hakai.

Nilipomwona mara ya kwanza, Machi mwaka huo, alizunguka chumba mara nne, akapanda kitanda cha kupimia, akazima taa, akawasha, akazima. Aliongea, lakini maneno yake mengi yalikuwa vipande vya matangazo ya redio, amevishika kwa lafudhi ileile ya mtangazaji. Alipotaka maji hakunyoosha kidole. Aliushika mkono wa mama yake kama mtu anavyoshika kijiko, akaupeleka hadi kwenye chupa. Mama akaniambia jambo ambalo sijalisahau: mwaloni, wanawake wanapoanika dagaa, bwana mdogo huwapanga mmoja mmoja, vichwa vyote vikielekea ziwani, na ukimgeuzia mmoja tu hulia hadi usiku.

Mambo hayo yananuka usonji, na daktari yeyote wa watoto angelisema jina hilo moyoni. Lakini malaria ya ubongo inaweza kumwachia mtoto kifafa, uziwi, ulimi mzito na hata utukutu ambao hakuwa nao. Kwa hiyo tulianza na masikio. Kliniki ya masikio ilipokuja, akapimwa: anasikia vizuri pande zote mbili. Nasisitiza hili kwa mzazi yeyote anayesoma. Mtoto asiyeitika jina lake apimwe masikio kabla ya jambo lingine lolote. Hata picha ya ubongo isubiri.

Mwezi Aprili akapata degedege bila homa, likianzia mkono wa kulia. Hapo picha ya ubongo ikawa na sababu. Degedege linaloanzia upande mmoja, kwa mtoto mwenye historia ile, linaweza kumaanisha kovu, na kovu linaonekana kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha ya ubongo. Niliandika rufaa. Wakapita Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, wakavuka Busisi kwa kivuko kwa kuwa daraja lilikuwa bado linajengwa, wakafika Mwanza. Mtoto akapewa dawa ya usingizi, akapigwa picha. Majibu: hakuna kovu, hakuna uvimbe, hakuna tatizo linaloonekana. Kipimo cha umeme wa ubongo nacho hakikuonyesha kitu, ingawa kipimo kimoja kisafi hakitoshi kukifuta kifafa.

Hapa kuna kosa langu, na nalisema wazi. Nilipoandika ile rufaa sikukaa na wazazi kuwaeleza kwamba picha ile ilikuwa inatafuta kovu tu. Sikuwaambia kwamba ubongo wa mtoto mwenye usonji, ukiutazama kwenye filamu, kwa kawaida hauna tofauti na wa mtoto mwingine. Kwa hiyo walipoambiwa "picha ni safi" wakaelewa mtoto ni mzima. Mtu mmoja kwenye korido akawaongezea kwamba kama ubongo hauna shida basi huo ni utundu, dawa yake fimbo. Mama alilia njia nzima kurudi Kigoma. Baba hakuamini kwamba ni utundu. Akampigia kijana wa Dodoma, kijana akaomba picha za zile filamu, baba akaziinua dirishani zikapata mwanga, akazipiga kwa simu na kuzituma. Kijana akaziweka kwenye tovuti moja, na tovuti ikarudisha 71 na 29.

Kijana huyo simlaumu. Alikuwa mtu pekee katika mlolongo mzima aliyejaribu kulijibu swali la familia. Swali lilikuwa wazi kabisa, mtoto ana nini, na sisi wa hospitali tulikuwa tumewapa jibu la swali jingine.

Namba 71 ilitoka wapi

Kuna utafiti wa kweli nyuma ya wazo la kijana. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia hewa ya oksijeni ndani ya damu ya ubongo. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka pale. Ukimlaza mtu ndani ya mashine dakika 5 hadi 10 bila kumpa kazi yoyote, unapata mfululizo wa picha mamia, na unaweza kuuliza sehemu ipi hupanda na kushuka pamoja na ipi. Hiyo ndiyo ramani ambayo kompyuta hupewa zijifunze. Mashine yenyewe inaona damu. Mawazo ya mtoto haiyaoni.

Mwaka 2012 ulifunguliwa kwa watafiti wote mkusanyo unaoitwa ABIDE: picha za watu 1,112 kutoka vituo 17, watu 539 wenye usonji na 573 wasio nao. Tafiti nyingi za akili mnemba na usonji zilizofuata zimekula chakula hicho hicho. Utafiti mmoja uliosomwa sana, wa mwaka 2018, ulifikia usahihi wa asilimia 70 kwa kutumia mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Walipoifundisha kompyuta kwa vituo vingine na kuijaribu kwa kituo ambacho haijawahi kukiona, usahihi ukashuka. Kumbuka kwamba sarafu ikirushwa inapata karibu 50. Na vituo vyote 17 viko Marekani na Ulaya. Hakuna mtoto wa Kigoma mle ndani, na sidhani kama yumo aliyewahi kuugua malaria ya ubongo.

Kwa upande wa ADHD kuna kisa ambacho nadhani kila anayeuza au kununua vipimo hivi angekijua. Mwaka 2011 yalifanyika mashindano yaliyoitwa ADHD-200. Timu zilipewa picha za ubongo za mamia ya watoto, pamoja na maelezo mafupi ya kila mmoja, zikatakiwa zitabiri nani ana ADHD. Timu ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, haikutumia picha hata moja. Ilichukua kituo alikopimiwa mtoto, umri, jinsia, mkono anaoutumia na alama za kipimo cha akili, basi. Ikapata karibu asilimia 62, juu ya timu zote zilizochambua picha. Ushindi alipewa mwingine kwa kuwa shindano lilikuwa la picha, lakini matokeo yalibaki palepale: daftari la mapokezi liliishinda sumaku ya mamilioni.

Sababu moja ni kwamba tofauti zenyewe ni ndogo mno. Kundi la kimataifa la ENIGMA lilipima mwaka 2017 ubongo wa watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo. Sehemu kadhaa za ndani ya ubongo zilikuwa ndogo kidogo kwa wenye ADHD, na tofauti hiyo ni ya kweli, haikutokea kwa bahati. Lakini hata pale ilipokuwa kubwa zaidi, nikaipigia hesabu mwenyewe, maana yake ni hii: chukua mtoto mmoja mwenye ADHD na mmoja asiye nayo, uwapime sehemu hiyo. Mara 55 kati ya 100 mwenye ADHD ndiye atakuwa na iliyo ndogo. Mara 45 itakuwa kinyume. Ukiwa na watu elfu tatu unaiona tofauti. Ukiwa na bwana mdogo mmoja mbele yako, umeshika nini?

Sababu nyingine inanisumbua zaidi, kwa kuwa inaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuwa sahihi kwa sababu isiyo yake. Mwaka 2012 watafiti kadhaa, kila timu kivyake, walionyesha kwamba kichwa kikitikisika hata kwa sehemu ya milimita ndani ya mashine, ile ramani ya miunganiko inabadilika. Sasa mtoto yupi anatikisika? Mtoto mwenye ADHD. Na mwenye usonji ambaye kelele ya mashine inamkata masikio. Basi kompyuta inaweza kujifunza kutambua mtikisiko, ikatuambia imetambua ubongo.

Nilipomaliza kusoma yote hayo nilirudi kwenye zile filamu za bwana mdogo. Alipigwa akiwa amelazwa kwa dawa, na dawa ya usingizi hubadilisha miendo ya ubongo. Hakupigwa ule mfululizo wa dakika kadhaa. Alipigwa picha za kawaida za hospitali, zile zinazokatwa vipande vinene vya kama milimita 5 kutafuta kovu, wakati za utafiti hukatwa kwa milimita 1. Kisha filamu ikapigwa picha kwa simu dirishani. Kilichoifikia ile tovuti kilikuwa picha ya picha, hakina kina wala muda. Hata mfumo bora kuliko yote duniani usingekuwa na mahali pa kuanzia. Tovuti ilijibu kwa sababu imetengenezwa kujibu. Na pembeni mwa kila filamu lilikuwapo jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya faili, vyote vikaenda nje kwa watu tusiowajua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mzazi ana haki ya kujua taarifa za mwanawe zinakaa wapi.

Kuhe

Wiki ilipoisha tulikaa kikao: baba, mama na kachanga mgongoni, bibi, baba mkubwa mwenye hisa kwenye ile injini, na kijana wa Dodoma kwenye simu iliyowekwa spika. "Shikamoo dokta," alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejiandaa kukaripiwa. Nikamwambia amefanya jambo la mtu anayempenda mdogo wake, na kwamba nataka anisaidie kulieleza.

Nilimwuliza baba: ukimfundisha mtu kutoka bara, asiyejua samaki, kutenganisha dagaa na migebuka tu, siku nzima, hadi aweze, kisha ukampa kuhe, samaki wa aina nyingine kabisa, atasemaje?

"Atasema ni mgebuka. Mkubwa."

Kwa nini asiseme hajui?

Alikaa kimya kidogo. "Kwa sababu hukumfundisha kusema hajui."

Nikaongeza: na ukimpa ndoo yenye dagaa na migebuka pamoja, ukamtaka aseme neno moja? Bibi, ambaye nilidhani hafuatilii, akacheka. Hapo ndipo tulipofika kwenye ile 29. Ile namba haikusema kwamba ubongo wa mtoto una usonji sehemu 71 na ADHD sehemu 29. Ilisema kwamba, katika vikapu viwili pekee ilivyopewa, picha hii imeelekea zaidi kikapu cha kwanza. Namba zimelazimishwa zijumlishwe ziwe 100. Mtoto mzima angepangiwa kikapu vilevile, na picha ya kichwa changu pia.

Kijana akasema, kupitia simu, jambo lililonifurahisha: ukurasa ule haukuandika popote ulifundishwa kwa watoto wa umri gani. Alikuwa ameshaenda kuangalia.

Kisha nikawaeleza habari ya Canvas Dx, programu ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu Juni 2021 isaidie madaktari kutambua usonji kwa watoto wa miezi 18 hadi 72. Ni akili mnemba, na haitazami ubongo kabisa. Inachukua majibu ya mzazi, video fupi za mtoto akiwa nyumbani, na majibu ya daktari. Katika utafiti uliotumika kuiombea ruhusa, watoto walikuwa 425, na ilitoa jibu kwa takriban theluthi moja tu. Kwa waliobaki ilisema haiwezi kuamua. Mtu anaweza kuona huo ni udhaifu. Mimi nauona ndio uungwana wa chombo cha tiba, na ningependa kila mfumo unaokuja huku kwetu uulizwe swali hilo kwanza: unaweza kunyamaza?

Chumbani, darasani, mwaloni

Kwa hiyo bwana mdogo ana nini? Tulilipata jibu bila sumaku, ila lilichukua siku tatu tofauti.

Vipimo vya kutazama mtoto vina matatizo yake. ADOS, kipimo cha usonji kinachotegemewa sana duniani, kina mchezo wa kuigiza sherehe ya kuzaliwa, keki na mishumaa. Wako watoto wengi Kigoma ambao hawajawahi kupuliza mshumaa juu ya keki, na kutojua mchezo huo si dalili ya ugonjwa. Vivyo hivyo kutazama machoni. Mtoto wa Kiha aliyelelewa vizuri husalimia "mwakeye" akipiga makofi taratibu, macho chini. Ningemhesabia bwana mdogo alama mbaya kwa kutonitazama mimi, mzee wa koti jeupe, ningekuwa nimepima adabu. Ndiyo maana nilitazama macho yake kwa mama yake na kwa watoto wenzake. Kwao nako hayakuwapo. Alimpita dada yake aliyeanguka na kulia kana kwamba amepita gogo.

Darasani nilikaa saa mbili nyuma, kwenye kigoda. Nilitaka kujua kitu kimoja, kwa sababu hapo ndipo usonji na ADHD huachana njia: anapotoka nje, anatoka kwa nini? Mara mbili alitoka kwa sababu kengele iligongwa, ile ringi ya gari inayogongwa kwa chuma. Aliziba masikio, akakimbia hadi nyuma ya choo, akatulia peke yake akipanga vifuniko vya soda. Huo ni usonji, mwili unakimbia kelele. Mara ya tatu na ya nne kengele haikulia. Mwalimu alikuwa ameketi naye peke yao kwenye kona tulivu, wanapanga vile vifuniko anavyovipenda. Hata hapo alisimama, akaketi, akanyakua kalamu ya mwalimu, akasahau alichokuwa akipanga, akamfuata kuku mlangoni. Mama anasema nyumbani ni hivyo, barabarani pia. Mwaka uliotangulia alijitupa mbele ya bodaboda pale mtaa wa Mwanga akifuata mfuko wa nailoni unaopeperushwa. Utulivu ule wa kwenye dagaa aliutunza kwa sababu dagaa ni kipenzi chake, na watoto wengi wenye ADHD hukaa kwenye kipenzi chao.

Vipo vyote viwili. Usonji, na ADHD juu yake.

Vijana wengi wa udaktari hushangaa nikisema hivyo, na wakubwa zao waliosoma zamani hushangaa zaidi. Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa haya, toleo la 1994, kilikataza kumpa mtoto mwenye usonji jina la ADHD. Toleo la 2013 ndilo lililoondoa katazo. Lakini mikusanyo ya picha ilipangwa kwa mafungu, huku wa usonji, kule wa ADHD, na kompyuta zilizosomeshwa kwa mafungu hayo zimerithi ule mpaka tuliokwisha kuufuta. Tunaziuliza "kipi kati ya hivi" kuhusu watoto ambao wengi wao wanabeba vyote. Swali la baba lilikuwa zuri kuliko nilivyojua siku ile. Hiyo 29 ilikuwa ya mwanawe kweli, ingawa tovuti ile haikuwa na njia ya kuijua.

Kilichofanyika

Nilimshauri baba asiuze injini. Baba mkubwa alitaka kujua kama siku za mbele picha hizi zitakuwa na kazi, nami sikumficha: huenda. Kuna mashine ndogo za MRI zenye sumaku ya nguvu ya tesla 0.064 zinazosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani, dhaifu mara zaidi ya 20 kuliko ya hospitali yenye tesla 1.5, lakini zinachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Siku mashine ya namna hiyo ikikusanya picha za watoto wa Kasulu, Urambo na Uvinza, waliougua malaria na wasiougua, ndipo kompyuta itakapokuwa na shule ya kutufaa. Mpaka siku hiyo, fedha ya injini ina kazi bora.

Mwalimu alikubali mambo mawili. Bwana mdogo anaambiwa kabla kengele haijagongwa, na anakaa mlangoni ili akihitaji kutoka asikanyage wenzake. Mama na bibi walikuja vikao tisa vya mafunzo ya walezi, tukifuata njia ya Shirika la Afya Duniani: kuinama usawa wa macho ya mtoto, kusema neno moja la kile anachokitazama, kusubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu kwa bibi. Dawa ya ADHD sikuianza; nilitaka kwanza kuona kama degedege litarudi. Halikurudi hadi mwisho wa mwaka. Oktoba, siku ambayo boti zilirudi na dagaa wengi, alimwambia mama yake "geuza", akimwonyesha dagaa aliyelala kinyume. Aliomba badala ya kulia. Bado hatulii, na bado mwalimu ana watoto zaidi ya mia.

Swali la mwisho la kikao kile lilikuwa la mama. Alikuwa kimya muda wote, akamshusha kachanga mgongoni, akauliza: "Na huyu?"

Mdogo wa mtoto mwenye usonji ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 5 wa kuwa nao. Ni kwa watoto kama huyu ndipo picha zimeonyesha nguvu yake: mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwapiga picha wadogo 106 wa watoto wenye usonji, wakiwa wamelala usingizi wa kawaida, wakiwa na miezi 6 na tena 12. Kwa kufuatilia jinsi uso wa ubongo ulivyotanuka, kompyuta iliwatambua 88 kati ya kila 100 ambao wangekuja kuonekana na usonji wakifika miaka 2. Ni kazi nzuri, naiheshimu, na haiko Kigoma. Nikamwandikia mama kwenye kadi ya kliniki mambo manne ya kutazama: binti akiitwa jina anageuka? Anatoa sauti za ba-ba, ma-ma? Anatabasamu akitabasamiwa? Akikaribia mwaka, ananyoosha kidole kukuonyesha kitu, hata asichokitaka?

Walikuja Februari 2025, binti ana miezi 12. Nilikuwa naandika. Alinyoosha kidole juu kwenye feni ya dari, kisha akageuka kumtazama mama yake, kuona kama naye anaiona. Mama aliniangalia mimi. Nikaandika kwenye kadi, nikawapa tarehe ya Agosti, atakapofika miezi 18.